Maadili ya ukutubi hujengwa kaunta: mwongozo kwa wanachuo wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mwanachuo wa ukutubi hufundishwa kupanga vitabu kwa namba za Dewey, kuandaa katalogi na kutumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Mahali fulani katikati ya muhula hupewa somo la maadili, akalikariri na kulijibia mtihani. Kisha anakwenda fildi, na kabla hata hajazoea kiti anakuja mama anayefahamiana naye kanisani: "Hivi binti yangu huwa anaazima nini humu?" Swali hilo halina majibu ya kuchagua, na foleni nyuma ya mama inasikiliza.

Mwongozo huu ni kwa anayesoma ukutubi, sayansi ya habari au utunzaji wa kumbukumbu, akiwa Nyanda za Juu Kusini au akitarajia kufanya kazi huku. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua hazilingani uzito. Ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Hatua ya 1: Soma kanuni zenyewe, usiishie kwenye slaidi za mwalimu

Maandiko ya msingi si mengi wala si marefu. Anza na kanuni za maadili za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, zilizopitishwa Agosti 2012. Zina sehemu sita: upatikanaji wa habari; wajibu kwa mtu mmojammoja na kwa jamii; faragha, usiri na uwazi; ufikiaji huria na haki za wabunifu; kutoegemea upande, uadilifu na ustadi; na mahusiano na wenzako kazini pamoja na mwajiri. Kuna toleo fupi na toleo refu. Soma refu, maana fupi limeondoa nyama.

Halafu chukua kanuni tano za S. R. Ranganathan wa India, za mwaka 1931: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Baada ya hapo rudi nyumbani. Katiba ya 1977, ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na ya 18 inampa uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Soma pia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Unaposoma, kando ya kila kipengele andika sentensi moja inayoanza na maneno "Nikiwa kaunta, hii inanidai…" Kipengele kikikosa sentensi, acha nafasi wazi, utairudia ukitoka fildi. Alama nyekundu iweke mahali vipengele viwili vinapogombana. Ibara ya 16 na ya 18 zinaweza kugombana juu ya faili moja. "Kila msomaji na kitabu chake" inagombana na nakala moja inayotakiwa na watu watatu wiki ya mitihani. Kanuni ikiwa peke yake haimsumbui mtu; ugumu wa kazi hii uko kwenye hizo alama nyekundu, na hapo ndipo pa kufanyia mazoezi.

Hatua ya 2: Kaa upande wa msomaji

Nenda maktaba ya mkoa, Mbeya au Iringa, asubuhi ya siku ya kazi, bila kujitambulisha kuwa unasomea fani hii. Keti tu utazame. Utaona kwamba wengi waliomo ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao. Wanataka meza, mwanga na utulivu, rafu hawazigusi. Usiwadharau kwa hilo. Kwa anayeishi chumba cha kupanga na wenzake, meza na mwanga ni huduma kamili, na mwezi wa Julai hata ukuta unaozuia upepo ni huduma.

Andika na wale usiowaona: muuza nguo wa Mwanjelwa, mkulima wa viazi wa Umalila, fundi gereji, mtu wa kiti cha magurudumu aliyeishia kwenye ngazi. Andika aliyerudishwa mlangoni na sababu aliyopewa. Hana kitambulisho? Amevaa kandambili? Ana mtoto mgongoni? Kila sababu iulize: imeandikwa kwenye kanuni za maktaba, au ni mazoea ya aliyekaa mlangoni? Mengi yanayomfukuza msomaji hutayakuta kwenye kanuni yoyote.

Ukipata nafasi, sikiliza jinsi maswali yanavyojibiwa. Mkulima wa Rungwe akisema "nataka kitabu cha parachichi", kumwonyesha rafu ya kilimo ni kumtupa. Muulize: ni miche, ni ugonjwa, au ni soko? Kama ni ugonjwa ambao kitabu chako hakiufahamu, mwelekeze kwa watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, Mbeya, umwandikie pa kwenda na cha kuuliza. Usimpe dawa ya kunyunyizia uliyosikia kwa mjomba.

Hatua ya 3: Jifunze kutunza siri ya msomaji mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu

Vitabu vingi vya fani vinaieleza faragha kana kwamba msomaji na mkutubi hawajawahi kuonana. Tukuyu, Makambako au Mafinga hakuna kitu kama hicho. Msomaji ni mtoto wa jirani, ni mwalimu wa mdogo wako, ni mwimbaji mwenzako wa kwaya. Unachokiona kaunta utakutana nacho tena jioni sokoni.

Ongeza na hili. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016–2017 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza Tanzania Bara kwa kiwango cha maambukizi kwa watu wazima, Njombe ikiwa na asilimia 11.4. Kwa hiyo kijitabu cha dawa za kufubaza virusi kipo kwenye maktaba zetu kwa sababu ya maana kabisa, na wenye kukihitaji wapo. Kijana akikisia tu kwamba jina lake litatajwa, hatakiazima. Atakisoma amesimama katikati ya rafu, harakaharaka, au atakiacha. Hakuna taarifa ya mwezi itakayokuonyesha wasomaji uliowapoteza kwa njia hiyo.

Anza na vitu vya mkononi, maana siri huvuja kwa karatasi kabla ya kuvuja kwa mdomo.

Daftari la kuazima lililo wazi juu ya kaunta, lenye jina, simu na jina la kitabu, husomwa na kila anayefuata kusaini. Kata kipande cha kadibodi kifunike mistari ya juu. Bora zaidi, mkutubi aandike mwenyewe, daftari likibaki upande wake.

Kadi ya kitabu inayokaa kwenye mfuko wa jalada, ikiwa imeandikwa majina ya wote waliowahi kukiazima, ni tangazo linalotembea. Pendekeza iandikwe namba ya uanachama badala ya jina.

Daftari la mahudhurio mlangoni lina namba za simu za wasichana wengi, na mtu yeyote aliyekuja kusaini anaweza kunakili moja. Uliza kama safu ya simu ina kazi yoyote. Ikiwa hakuna anayeitumia, iondolewe.

Orodha ya waliochelewesha vitabu isibandikwe ubaoni ikiwa na majina ya vitabu, wala isirushwe kwenye kundi la WhatsApp. Mpigie mhusika, useme "kitabu ulichoazima tarehe fulani". Kitabu gani, anajua mwenyewe.

Panapotumika Koha, muulize msimamizi wa mfumo kama ule mpangilio unaomwezesha msomaji kuchagua historia yake ya kuazima itunzwe au ifutwe umewashwa. Upo kwenye programu, haununuliwi.

Sasa mdomo. Fanyeni mazoezi wawili wawili bwenini, mmoja awe msomaji au mzazi, mwingine kaunta, na mseme kwa sauti. Kujua jibu moyoni hakutoshi. Mbele ya mtu mzima anayekutazama ulimi unakwama. Yule mama wa kanisani unaweza kumjibu hivi: "Shikamoo mama. Rekodi za kuazima ni za msomaji mwenyewe, sisi hatuzitoi kwa mtu. Ila kama unataka kumsaidia masomo, twende nikuonyeshe vitabu vya kidato chake." Umekataa, na bado umemhudumia. Ukikataa na kuishia hapo, huku kwetu utaitwa mtoto asiye na adabu, na mama atapita kwa mkubwa wako kuulizia kilekile. Kama yeye ndiye mdhamini kwenye fomu ya mtoto, ana haki ya kujua kwamba kuna deni na ni kiasi gani. Jina la kitabu ni jambo jingine, na mimi nisingelitaja kabla ya kuzungumza na binti mwenyewe.

Mwalimu wa nidhamu akija na orodha, au mchungaji akitaka kujua nani anasoma vitabu vya "kupotosha", jibu ni la aina hiyohiyo. Akija askari, usibishane wala usifungue kompyuta: "Afande, mimi ni mwanafunzi wa fildi, sina mamlaka ya kutoa rekodi. Nikupeleke kwa mkutubi mkuu." Yeye ndiye atakayeomba maandishi na kupima kama sheria inaruhusu. Siri ya msomaji ina mipaka ya kisheria, lakini kuivuka si uamuzi wa mtu mmoja aliyeachwa zamu ya mchana.

Hatua ya 4: Ijue imani yako, kisha uiweke pembeni

Kanuni za IFLA zinataka mkutubi atofautishe msimamo wake binafsi na wajibu wake wa kazi. Hazisemi usiwe na msimamo. Usiyeujua msimamo wako ndiye utakayeupanga rafuni bila kufahamu.

Zoezi zuri ni kufungua daraja la 200 la Dewey, yaani la dini. Ukristo umepewa 220 hadi 280, Uislamu umewekwa 297, na dini za jadi za Kiafrika ziko 299.6, mbali mkiani. Mpango huo ulichapwa kwanza mwaka 1876 huko Marekani, na unaonyesha ulikotoka. Kisha nenda kwenye rafu halisi ya maktaba uliyo karibu nayo uone kuna nini. Mikoa yetu imejaa makanisa na vyuo vya makanisa, na vitabu vingi vya dini huletwa bure, kwa hiyo rafu itajaa upande mmoja hata kama hakuna aliyekusudia. Namba huwezi kuzibadili ukiwa mwanafunzi. Unaweza kupendekeza vibao vya Kiswahili vinavyosomeka, kuhakikisha 297 na 299 haziko rafu ya chini kabisa gizani, na kutaja pengo hilo kwenye ripoti yako ya fildi.

Wakati wa uchaguzi, fulana na kofia ya chama vibaki nyumbani, na magazeti ya mielekeo tofauti yakae meza moja.

Kuna na upendeleo wa lugha, ambao huku hautajwi sana. Msomaji akisema "Ugonile" au "Kamwene", mwitikie, ni heshima. Lakini mazungumzo ya kaunta yakihamia Kinyakyusa au Kihehe huku Mkinga na Msafwa wakisubiri, wanajiona wageni, hasa mtu wenu akihudumiwa kabla yao. Salimu kwa lugha ya nyumbani, hudumia kwa Kiswahili, na foleni ibaki foleni.

Hatua ya 5: Jifunze kusema hapana kwa maboksi ya msaada

Vitabu vya msaada kutoka Ulaya na Marekani vinapofika, picha hupigwa, hotuba hutolewa, na mwanafunzi wa fildi ndiye anayeachiwa kufungua maboksi. Mazoea ni kuingiza vyote kwenye rejista ili idadi ipande. Naona hapa ndipo ujasiri wa mkutubi unapopimwa kimyakimya.

Mfano ninaoupenda ni vitabu vya tiba, namba 616. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na baadaye ikahamia dawa mseto ya ALu. Kitabu cha 1985 kinachoelekeza klorokwini kikikaa rafuni bila onyo, kinamwelekeza vibaya mama wa Kyela mwenye mtoto mwenye homa. Hapo "vitabu ni vya kutumiwa" inageuka kuwa sababu ya kukitoa, kwa kuwa hakuna anayeweza kukitumia salama. Sheria, kodi na kompyuta nazo zikague hivyohivyo. Historia na fasihi haziozi kwa umri.

Kabla ya kukitoa kitabu chochote, uliza utaratibu wa maktaba, maana mali ya umma haifutwi kwa neno la mwanafunzi. Andika orodha yenye safu ya sababu, umkabidhi msimamizi. Mtoaji ashukuriwe kwa barua, na safari nyingine atumiwe mapema orodha ya mnachohitaji.

Hatua ya 6: Hakimiliki, pamoja na kazi zako mwenyewe

Soma vifungu vya matumizi huru katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kabla ya kumjibu msomaji anayetaka kopi ya kitabu kizima kwenye steshenari ya jirani. Usijibu kwa kukisia, na usimwache mikono mitupu: mwonyeshe hazina za vyuo za mtandaoni na majarida ya kitaaluma ya mpango wa Research4Life kama chuo chenu kimejiunga.

Lililo karibu zaidi na wewe ni ripoti ya fildi ya mwaka jana inayozunguka kwenye flashi, ikisubiri kubadilishwa jina. Na kuna akili bandia, ambayo hutunga marejeo yenye mwandishi, mwaka na kurasa, ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Kila rejeo litafute kwenye katalogi au kwa mchapishaji. Usipoliona, lifute. Mkutubi anayewasilisha rejeo la kubuni amevunja kazi yake mwenyewe.

Hatua ya 7: Chagua fildi kwa ajili ya unachotaka kujifunza, na uwe na daftari la maamuzi

Wengi huchagua fildi kwa ukaribu wa nyumbani, na nauli ikiwa shida hilo halina lawama. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, fahamu kwamba kila mahali panafundisha jambo lake. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, itakufundisha kuhudumia kila anayeingia. Maktaba za vyuo vikuu, kama MUST ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa au Mkwawa, zitakufundisha haki za watafiti na hakimiliki. Masjala ya halmashauri itakufundisha tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri, na kwamba faili "lililopotea" siku ambayo mwananchi analihitaji ni suala la maadili kabla hata ya kuwa suala la upangaji.

Popote ulipo, kila jioni andika uamuzi mmoja tu: nini kilitokea, kanuni zipi ziligombana, ulifanya nini, na sasa unaonaje. Mfano: "Msomaji asiye na kitambulisho, anatoka Chunya, anataka kusoma sheria ya ardhi kabla ya kikao cha baraza kesho. Kanuni inataka kitambulisho ili kuazima. Nilimpa asomee ndani. Nilimuuliza msimamizi, akasema ndiyo sahihi." Mistari minne inatosha.

Majina ya wasomaji yasiingie kwenye daftari hilo kabisa, wala namba za simu, wala kitu kitakachofanya mtu wa mtaa uleule amtambue. Vivyo hivyo kwenye ripoti ya fildi, na zaidi kwenye picha unazoweka status ukiwa umesimama mbele ya wasomaji wenye nyuso zinazoonekana. Waombe ruhusa, au piga picha ya rafu.

Hatua ya 8: Kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima

Siku itakuja utakapoambiwa ongeza wasomaji kwenye takwimu za mwezi "ili tusionekane hatufanyi kazi", au pokea faini taslimu bila risiti. Umefundishwa tangu utoto kutobishana na mkubwa, na yeye ndiye atakayejaza fomu yako ya tathmini.

Mwone faraghani, usiseme mbele ya wenzake. Uliza kama anayejifunza: "Samahani mama, naomba nielekezwe. Siku ambayo sikuhesabu, niandike nini?" Mara nyingi swali lenyewe humpa nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Leta njia mbadala: safu ya "haikuhesabiwa" kwenye taarifa, au msomaji alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ili fedha isipite mikononi mwako. Akishikilia, usiweke saini kwenye usichokihesabu, na umweleze msimamizi wako wa chuo.

Si kila jambo la kupigania. Ukiwa mwanafunzi, chagua. Mimi ningeweka matatu yasiyolegezwa: siri ya msomaji, fedha na takwimu za uongo. Mpangilio wa viti, ukali wa mlinzi na vumbi la rafu vinaweza kungoja hadi ukiajiriwa, ingawa vumbi unaweza kulifuta mwenyewe.

Hatua ya 9: Andika ukurasa wako

Ukitoka fildi, rudi kwenye zile sentensi za hatua ya kwanza uzijaze zilizobaki wazi. Kisha toa ukurasa mmoja wenye mambo matano au sita unayoyashikilia, kila moja likiwa na tukio kutoka kwenye daftari la maamuzi. Lisilo na tukio liondoe, hata kama linapendeza. Mpe mwenzako aupinge, na asiwe rafiki wa kukusifia.

Jiunge na TLIA, chama cha wakutubi na wataalamu wa habari nchini, ungali mwanafunzi. Ulizia masharti yake kwa mkutubi wa chuo chenu, pamoja na mikutano inayokuja. Watu utakaokutana nao huko ndio utakaowapigia simu siku utakapokuwa mkutubi pekee wilayani, Ludewa au Momba, huna wa kumuuliza.

Ukurasa huo utakufaa pia kwenye usaili. Wanaojibu swali la maadili kwa kuorodhesha "uaminifu, uwajibikaji, uwazi" hufanana wote. Wewe eleza tukio moja, kanuni zilizogombana na ulichoamua, kwa dakika mbili. Jopo likiuliza ungefanya nini tofauti, jibu liko kwenye mstari wa mwisho wa daftari lako, ule wa "sasa naonaje". Nenda umelisoma usiku wa kuamkia usaili.